Usukani mzito si sifa ya gari: mwenye kununua okazioni ajaribu kwanza, alipe nyuma

Katika miji ya mashariki ya Kongo, kuanzia Bunia na Butembo hadi Goma, Bukavu na Uvira, tamaa ya gari ya sport imeongezeka kati ya vijana wenye kupata feza kidogo. Si gari mpya, kwa sababu hiyo ni wachache tu wanaoiweza. Ni gari ya okazioni iliyotumika Japani miaka kumi, kumi na tano ao zaidi, ikapakiwa katika meli, ikashuka Dar es Salaam ao Mombasa, ikapita mipaka na kufika katika parkingi ya kuuzia. Toyota Altezza, Toyota Celica, Subaru Impreza yenye turbo: haya ni majina ambayo kijana anayafahamu kabla hata ya kupata permi ya kuendesha.

Siku ya kununua, mnunuzi anaikaa gari, anawasha, anageuza usukani. Anakuta ni mzito. Anageuza tena kwa mikono miwili, mabega yanasikia. Anamuangalia komisyoneri aliye pembeni yake. Naye komisyoneri, bila hata kufungua kapo ya mbele, anajibu: “Hii ni gari ya sport, zote ziko hivyo. Utazoea.”

Jibu hilo ni fupi, linatolewa kwa tabasamu, na limekwisha kula feza za watu wengi. Ubaya wake ni kwamba ndani yake kuna nusu ya ukweli, na nusu hiyo ndiyo inayolifanya kuwa la hatari. Uongo mtupu unaonekana haraka. Ukweli uliokatwa katikati unapita mlangoni kama mgeni wa heshima.

Nusu iliyo ya kweli

Ni kweli kwamba kuna magari ya sport yaliyotengenezwa kusudi yawe na usukani mzito. Kabla ya mwaka 1951, wakati kampuni ya Chrysler ya Marekani ilipoweka msaada wa mafuta katika usukani wa gari yake ya Imperial, madereva wa magari madogo dunia nzima waligeuza kwa nguvu za mikono yao tu. Hata baada ya msaada huo kuenea, watengenezaji wa magari ya sport walikawia kuupokea. Ferrari F40 ya mwaka 1987 haikuwa nao. Porsche 911 ilingoja hadi muundo wa 964, mwaka 1989. Honda NSX yenye kubadilisha vitesi kwa mkono ilitoka mwaka 1990 bila msaada. Mazda MX-5 ya kwanza, katika matoleo yake ya bei ndogo, haikuwa nao, na Lotus Elise ya mwaka 1996 vilevile.

Sababu yao ilikuwa ya maana. Dereva mwenye kupenda mwendo anataka mikono yake isikie barabara: pale tairi linapoanza kuteleza, pale lami inapogeuka kuwa changarawe, pale gurudumu la mbele linapopoteza uzito kwenye kona. Msaada mwingi unafuta habari hizo, na usukani unabaki kama wa mchezo wa video. Kwa hiyo mtu anaposema kwamba uzito kidogo ni mzuri kwa gari ya sport, hasemi uongo.

Lakini tuangalie vizuri ni magari gani hayo. Karibu yote ni mepesi, na mengi yao yana injini nyuma ya dereva ao nyuma kabisa, hivi kwamba matairi ya mbele hayabebi mzigo mkubwa. Kremayere yake, ile bomba yenye meno inayosukuma magurudumu kushoto na kuume, ilipangwa kwa mikono ya mtu: usukani unazunguka mara nyingi zaidi toka mwisho mmoja hadi mwingine, na kwa hiyo kila mzunguko unahitaji nguvu ndogo. Tena uzito wake una tabia moja inayojulikana: ni mkubwa gari ikiwa imesimama, halafu unapungua mara tu magurudumu yanapoanza kuzunguka.

Altezza, Celica ao Impreza ya turbo haimo katika kundi hilo. Magari hayo yana injini nzito mbele, yana matairi mapana (Altezza RS200 ilitoka kiwandani na tairi ya milimita 215), na yalitengenezwa yakiwa na msaada wa usukani. Kremayere yake ni ya haraka, inazunguka mara chache, kwa sababu mtengenezaji alihesabu kwamba pampu itasaidia. Siku ambayo pampu inakufa, gari hiyo haigeuki kuwa kama Lotus. Inakuwa nzito zaidi kuliko gari iliyozaliwa bila msaada, kwa sababu mikono ya dereva inapigana na meno ya haraka, na uzito wa injini, na mafuta yaliyobaki ndani ya kremayere, vyote kwa pamoja.

Ndiyo maana neno “zote ziko hivyo” halikubaliki. Swali la kwanza si kama gari ni ya sport. Swali ni hili: gari ya aina hii, siku ilipotoka kiwandani, usukani wake ulikuwa na msaada ao hapana? Kama ulikuwa nao, na leo ni mzito ikiwa imesimama, basi kuna kitu kimeharibika ao kimebadilishwa. Hakuna njia ya tatu.

Ugonjwa una majina

Mafundi wa garaji za Goma na Bukavu wanayajua magonjwa haya, na wengi wao wanaweza kuyatambua kwa muda mfupi, kama wakiitwa kabla feza haijatoka mfukoni. Shida ni kwamba wanaitwa nyuma.

Kuna magonjwa madogo. Matairi yasiyojazwa hewa ya kutosha yanakamata chini na kuufanya usukani kuwa mzito. Magari mengi ya Japani yana karatasi ndogo iliyobandikwa kwenye mlango wa dereva inayoonyesha kipimo, mara nyingi karibu na 220 kPa, ambayo kwa lugha ya wajaza-hewa ni kilo mbili na kidogo. Gari iliyolala parkingini miezi mitatu inaweza kuwa na nusu ya hapo. Mafuta ya direksioni yaliyopungua, ao kurua iliyolegea na kuteleza juu ya pampu, ni mambo ambayo fundi anatengeneza kwa siku moja bila kumfilisi mtu.

Kuna ugonjwa wa katikati, na huo mara nyingi ni kazi ya mwenye gari wa zamani. Kijana anaondoa usukani wa kiwandani na kuweka mdogo wa mashindano, kwa kupendezesha tu. Usukani wa sentimita 37 ukibadilishwa na wa sentimita 32, mikono inahitaji nguvu zaidi karibu asilimia 16 kwa kazi ileile, kwa sababu mkono wa kuzungushia umefupishwa. Mwingine anaweka matairi mapana kupita kipimo na rimu zinazotokeza nje. Mwingine anashusha gari kwa kukata resori, na magurudumu hayasimami tena kama mtengenezaji alivyopanga.

Halafu kuna magonjwa makubwa. Pampu iliyochoka inalia kama mbwa aliyekanyagwa usukani unapofika mwisho. Kremayere inayovuja inamwaga mafuta chini, na wauzaji wengine, badala ya kuitengeneza, wanaondoa kurua ya pampu ili gari isiache alama ya mafuta sakafuni. Mnunuzi anaona chini pakavu, anafurahi, wakati ukavu huo ndio ushahidi wa udanganyifu. Rotili iliyokauka bila grisi, ao kardani ya usukani iliyoliwa na kutu, inafanya usukani ushikwe katika sehemu moja na kuachiliwa katika nyingine. Sehemu zenye theluji za Japani zinamwagiwa chumvi barabarani wakati wa baridi, na chumvi hiyo inakula vyuma vya chini ambavyo rangi nzuri ya juu haionyeshi.

Ugonjwa mbaya kuliko yote ni gari iliyogongwa. Gurudumu la mbele likisukumwa nyuma hata kidogo, chuma kinachoshikilia kinapinda, na usukani unakuwa mzito upande mmoja, mwepesi upande mwingine, ao haurudi wenyewe katikati baada ya kona. Rangi mpya na paralelismu ya haraka haraka haviondoi jambo hilo. Na kwa kuwa Kongo inaendesha upande wa kuume wa barabara, wakati magari ya Japani yana usukani mkono wa kuume, kuna yale ambayo yamehamishiwa usukani upande wa kushoto katika garaji. Kuhamisha huko ni kukata na kuunganisha upya chuma ambacho maisha ya dereva yananing’inia juu yake. Kama kazi ilifanywa vibaya, uzito wa usukani ndiyo sauti ya kwanza ya malalamiko, na inawezekana isipatikane ya pili.

Kujaribu ni kuuliza gari, si kuuliza komisyoneri

Mashariki ya Kongo watu wana desturi nzuri sokoni. Mama anayenunua maharagwe anaingiza mkono ndani ya gunia, anachota ya chini, anayamwaga katika kiganja, anatoa mawe na kuhesabu yaliyooza. Hakuna muuzaji anayemkasirikia. Lakini mtoto wa mama huyohuyo anatoa feza za miaka mitano kwa gari ambayo ameiendesha mita mia mbili katika uwanja wa parkingi, tena muziki ukiwa umefunguliwa kwa sauti kubwa.

Kujaribu usukani hakuhitaji mashine. Kunahitaji utulivu na mpango.

Kwanza, gari ikutwe injini ikiwa baridi. Muuzaji ambaye anaiwasha mapema kabla ya mteja kufika ana jambo anaficha, ao anafanana na mwenye kuficha. Injini ikiwa imezimwa na usukani umefunguliwa kwa ufunguo, mnunuzi augeuze kidogo: utakuwa mzito, na hiyo ni kawaida. Auache mkono pale pale, awashe injini. Kama msaada unafanya kazi, usukani utalegea mara moja, mkono utasikia. Kama hakuna kilichobadilika, msaada umekufa, hata komisyoneri aseme nini.

Pili, aangalie taa za dashibodi. Gari yenye msaada wa umeme ina taa yake ya onyo, ambayo inapaswa kuwaka ufunguo unapofunguliwa na kuzimika injini inapowaka. Taa isiyozimika inasema kuna shida. Taa isiyowaka hata mara moja inasema kuna shida pia, na kwamba kuna mtu amekwisha kuondoa shahidi. Kwa gari yenye msaada wa mafuta, afungue kapo, atafute chupa ya mafuta ya direksioni. Yanapaswa kuwa safi. Yakiwa meusi yenye harufu ya kuungua, ao yenye povu, hiyo ni habari. Aangalie pia kama kurua ya pampu iko mahali pake.

Tatu, atoke barabarani. Si kuzunguka nyumba mbili tatu, bali mwendo wa kutosha injini na mafuta vipate moto, kwa sababu kuna pampu inayofanya kazi vizuri ikiwa baridi na kuchoka ikiwa na moto, na kuna mota ya umeme inayopunguza msaada ikipata joto ao betri ikiwa dhaifu. Apite penye kona, ageuze kushoto, ageuze kuume, na kusikiliza kama uzito unalingana. Baada ya kona, mikono ilegezwe kidogo: usukani wa gari yenye afya unarudi wenyewe kuelekea katikati. Kwenye barabara iliyonyooka, gari isivute upande. Katika mwendo, usukani uwe imara lakini usishikwe.

Hapo mnunuzi atakuwa na jibu ambalo halikutoka mdomoni mwa mtu. Usukani mzito ukiwa umesimama na mwepesi katika mwendo, katika gari iliyotengenezwa na msaada, unamaanisha kwamba msaada haupo. Usukani mzito hata katika mwendo, usiorudi, ao unaoshikwa sehemu fulani, unamaanisha kwamba chuma chenyewe kina ugonjwa. La kwanza linaweza kuwa suala la bei. La pili ni suala la uhai, na gari hiyo iachwe pale ilipo hadi fundi ailaze na kuiangalia chini.

Barabara hizi hazisamehe

Mtu wa Ulaya anayenunua gari kama hiyo kwa kujifurahisha siku ya Jumapili anaweza kuvumilia usukani mzito. Barabara yake ni ya lami laini, ina mistari, ina ukingo wa chuma. Mtu wa Kivu ananunua gari moja tu, na gari hiyo itabeba watoto shuleni, mgonjwa hospitalini, mizigo ya biashara na jeneza la ndugu.

Yule anayeshuka Ngomo, kati ya Nyangezi na Kamanyola, akielekea Uvira, anajua maana ya kona. Mlima uko upande mmoja, shimo liko upande mwingine, na lori linapanda katikati. Hapo dereva hana muda wa kupigana na usukani. Mwenye kuishi Goma anajua mawe ya volkano, yale ambayo Nyiragongo ilimwaga mjini mwaka 2002, yenye kukata matairi na kugonga rotili kila siku. Gari iliyofika na rotili iliyochoka haitakaa hapo miezi mingi.

Kuna tena desturi moja inayoongeza hatari. Madereva wengine, kwa kuokoa mafuta, wanazima injini wanaposhuka mlima. Gari yenye msaada wa usukani, injini ikizimwa, msaada unakwenda nayo. Breki nazo zinapoteza msaada wake baada ya kukanyagwa mara chache. Na kama ufunguo ukitolewa kabisa, usukani unaweza kujifunga. Dereva ambaye alizoea usukani mwepesi anakuta ghafla, katikati ya mteremko, uzito ambao hajawahi kuupima. Ndiyo sababu msaada unaokuja na kuondoka ni wa hatari kuliko ule ambao haupo kabisa: dereva wa gari isiyo na msaada anajua mikono yake inafanya nini, lakini yule ambaye msaada wake unamtoroka anapata habari hiyo akiwa konani.

Na wanaolipa si dereva peke yake. Kwenye barabara za miji hii kuna wamotari, wasukuma chukudu, wanafunzi wenye kutembea pembeni kwa sababu hakuna mahali pengine pa kupita, na akina mama wenye mizigo mgongoni. Hakuna kati yao aliyekubali kwamba gari ya sport “iko hivyo”.

Wauzaji nao wana neno

Ingekuwa si haki kuwaweka wauzaji wote katika gunia moja. Wengi wao walinunua gari kwa picha ya intaneti, wakalipa meli, wakalipa mpaka, na hawakuigusa hadi ilipofika. Wengine wao hawajui kwamba usukani ni mgonjwa, kwa sababu wao wenyewe waliambiwa neno lilelile na yule aliyewauzia. Tena wana woga wa kweli: mtu anaomba kujaribu gari, anaipeleka, anaigonga, na hana feza ya kulipa. Wengine hawarudi.

Woga huo una dawa. Muuzaji akae ndani ya gari wakati wa kujaribu. Permi ya kuendesha ya mteja iangaliwe kwanza. Njia ya kupita ikubaliwe mbele. Fundi wa mteja awepo, na kama kuna mashaka juu ya uwezo wa mteja, fundi ndiye aendeshe wakati mteja anasikiliza pembeni. Fundi apewe malipo yake ya saa moja, yawe yamelipwa na mteja mwenyewe ili asiwe na bwana mwingine wa kumtii. Feza hiyo ni ndogo sana mbele ya bei ya kremayere.

Lakini muuzaji anayekataa gari yake isitoke hata na masharti hayo, huyo amekwisha kujibu swali. Mnunuzi asibishane naye. Amuage kwa heshima na kuendelea na safari yake, kwa maana magari ya okazioni hayajaisha.

Wapo pia watakaosema kwamba maneno haya ni ya wenye feza, kwamba maskini anachukua anachopata na kutengeneza polepole. Ni kinyume chake. Mwenye feza nyingi akikosea, anauza kwa hasara na kununua ingine. Yule aliyekusanya dola moja moja, aliyekopa kwa shemeji na kuingia likelemba, hana feza ya mara ya pili. Huyo ndiye mwenye haki kubwa ya kuingiza mkono ndani ya gunia. Tena, akikuta ugonjwa mdogo, anapata nguvu ya kushusha bei kwa kiasi cha matengenezo, mbele ya fundi, bila kelele.

Karatasi hazigeuzi magurudumu

Sehemu ya mwisho ya jambo hili iko mikononi mwa wakubwa. Gari ikisimamishwa barabarani, mara nyingi kinachoombwa ni karatasi: permi, asiransi, vinyeti, karatasi ya kontroli tekniki. Karatasi ni za lazima, hakuna anayezikataa. Lakini karatasi ya kontroli tekniki ina maana tu kama kuna mtu aliyelala chini ya gari, akashika gurudumu la mbele kwa mikono miwili, akalitikisa, akageuza usukani toka mwisho hadi mwisho. Muhuri uliopigwa juu ya gari ambayo haikuguswa unaidanganya familia nzima kuliko komisyoneri, kwa sababu komisyoneri haaminiwi na kila mtu, lakini muhuri wa serkali watu wanauamini.

Ofisi ya Kongo ya Kontroli, OCC, ina kazi ya kuangalia bidhaa zinazoingia inchini, na magari ni kati yake. Usukani, breki na matairi ndivyo vitu vitatu ambavyo vinapaswa kuangaliwa kwa mkono na kwa jicho katika kila gari ya okazioni kabla ya kuingia barabarani, na zaidi katika zile zilizohamishiwa usukani. Ushirika wa mafundi wa kila mji nao ungeweza kukubaliana juu ya karatasi moja rahisi ya vipimo, ya Kiswahili, ambayo mnunuzi anajaziwa na kuwekewa sahihi. Fundi anayeweka jina lake juu ya karatasi anaangalia kwa macho mawili.

Wakati hayo yanangojwa, ulinzi wa kwanza unabaki katika mikono ya mnunuzi mwenyewe, na neno hili si mfano tu. Mikono ndiyo inayosikia kabla ya macho na kabla ya masikio. Ikisikia uzito, inaleta habari. Habari hiyo inaweza kuwa ndogo, hewa ya tairi tu. Inaweza kuwa ya tabia ya gari, kama ni moja ya zile chache zilizozaliwa hivyo. Inaweza pia kuwa onyo la chuma kilichopinda. Kazi ya mnunuzi si kuwa fundi, ni kukataa kutoa feza kabla ya kujua ni ipi kati ya hizo tatu.

Gari nzuri ya sport inamfurahisha mwenye nayo kwa sababu inamtii. Ile isiyotii parkingini, mbele ya muuzaji anayetabasamu, haitatii Ngomo mbele ya lori.